Pesti ya Joto na Usalama wa Vifaa vya Umeme vya Kujiundia

Mazungumzo kwa watumiaji wa seti za vipuri vya elektroniki



Sheria inapomtaja mlaji haimkusudii mwenye kula peke yake. Humkusudia pia mtu anayenunua redio, chaja ya simu, au mfuko wa vipuri wa kujiundia amplifaya nyumbani. Leo tunazungumza na huyo wa mwisho. Mifuko hiyo imekuwa bidhaa ya kawaida madukani. Mnunuzi hupewa ubao wa saketi, aisii moja au mbili, kapasita, skrubu kadhaa, na pengine kifuko kidogo chenye ute mweupe, kisicho na jina, tarehe wala maelezo. Tumeona kwamba vipuri vingine vyote huulizwa maswali dukani, lakini kifuko hicho hupokelewa kimyakimya. Nacho ndicho tulichokuja kukizungumzia.

Ute huo una majina mengi. Mafundi wengi huuita grisi nyeupe, wengine huuita pesti tu. Sisi tutauita pesti ya joto. Kwa kawaida umetengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini sana wa oksidi ya zinki, na unga huo ndio unaoipa pesti weupe wake. Kazi yake ni moja: kujaza nafasi ndogo zilizopo kati ya mgongo wa aisii au transista na kile kipande cha alumini chenye mapezi tunachokiita hitisinki, ili joto lipite. Pesti si gundi. Si kifaa cha kupoza. Zaidi ya yote, si kihami cha umeme cha kukitegemea. Mtu anayeifahamu kazi hiyo moja hapati taabu nayo. Hatari huanza pale pesti inapotwikwa kazi isiyo yake.

Tuanze na joto lenyewe. Ukiutazama mgongo wa transista na uso wa hitisinki kwa macho, utadhani ni bapa kabisa. Ukweli ni kwamba zote mbili zina vilima na mabonde madogo mno, na zikikutanishwa hugusana kwenye vilele tu. Mabonde hujaa hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Wataalamu hupima uwezo wa kitu kupitisha joto kwa wati kwa mita kwa kelvini. Hewa ina kipimo cha takribani 0.026. Pesti nyeupe ya bei nafuu ina karibu 1, au pungufu kidogo. Alumini ina takribani 200, na shaba takribani 400.

Tunaomba mzizingatie tarakimu hizo, maana zinaeleza takribani kila kitu tutakachokisema. Pesti huishinda hewa zaidi ya mara thelathini, lakini yenyewe hushindwa na alumini mara mia mbili. Kwa hiyo pale chuma kinapoweza kugusana na chuma, pesti haitakiwi kukaa katikati. Inatakiwa iingie katika mabonde na kuviacha vilele vikutane. Anayepaka pesti nene kama siagi juu ya mkate amejenga ukuta palipohitajika daraja.

Hesabu ndogo itatusaidia. Chukua aisii yenye mgongo wa sentimita za mraba 1 na nusu, inayotoa joto la wati 15. Ikiwa pesti yenye kipimo cha 0.8 imekaa kwa unene wa milimita 0.05, tofauti ya joto kati ya mgongo na hitisinki itakuwa kama nyuzi 6 tu. Pesti ileile ikiachwa na unene wa nusu milimita, tofauti hiyo hupanda na kupita nyuzi 60. Aisii ni ileile, na pesti ni ileile. Kilichobadilika ni mkono wa mpakaji.

Sasa tuje kwenye mfano ambao wengi wenu mnaufahamu: chaja ya simu inayotumia betri ya sola ya volti 12. Vijana wengi huiunda kwa aisii ya 7805, ambayo hushusha volti hadi 5. Ni aisii nzuri na rahisi kutumia, lakini hushusha volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Simu ikivuta ampea 1, aisii hubaki na volti 7 za ziada, na volti 7 kwa ampea 1 ni wati 7 za joto. Mchana, betri inapochajiwa na paneli, volti zake hufika 14, na joto hupanda hadi wati 9. Aisii ya umbo lile isipofungwa kwenye hitisinki hupandisha joto la kiini chake kwa nyuzi zipatazo 65 kwa kila wati 1. Kwa wati 7 hesabu inavuka nyuzi 400, jambo ambalo aisii haiwezi kulifikia. Kabla ya hapo hujizima yenyewe kwa sababu ina kinga ya ndani. Ikipoa hujiwasha, ikipata moto hujizima tena. Mwenye simu huona chaji ikiingia na kukatika, akadhani simu ni mbovu au kebo imekatika, akaenda kununua nyingine.

Hapo pesti peke yake haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni hitisinki ya kutosha kwanza, kisha pesti kidogo ya kuiunganisha aisii nayo. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia wauzaji wakimwambia mteja mwenye aisii inayochemka aongeze pesti. Pesti haina mahali pa kulipeleka joto. Huipitishia hitisinki, na hitisinki huitupia hewa. Kama hitisinki ni ndogo, au imefungiwa ndani ya boksi lisilo na matundu, au boksi lenyewe limewekwa juu ya bati linalopigwa na jua, pesti ya bei yoyote ile haitabadilisha matokeo. Kwa upande mwingine, kifaa kinachotoa nusu wati ya joto kinaweza kufanya kazi miaka mingi bila pesti kabisa. Faida yake huonekana zaidi kadiri wati zinavyoongezeka.

Kuhusu uchaguzi, tutasema wazi: kwa amplifaya ndogo, chaja, taa na pawasaplai za kujiundia, pesti nyeupe ya kawaida ya silikoni na oksidi ya zinki inatosha. Madukani kuna pesti za kijivu zenye unga wa fedha, na nyingine zenye majina ya dhahabu na almasi, zikiwa na tarakimu kubwa za wati kwa mita kwa kelvini zilizochapishwa kwenye kasha. Nyingine ni bidhaa nzuri zilizokusudiwa kompyuta, ambako joto jingi hutoka katika eneo dogo. Lakini mnunuzi hana njia ya kuihakiki tarakimu hiyo akiwa kaunta, na katika amplifaya ya wati 20 tofauti hiyo hataiona. Fedha inayobaki ni afadhali ainunulie hitisinki kubwa zaidi. Isitoshe, baadhi ya pesti zenye unga wa metali zinaweza kupitisha umeme kidogo zikimwagikia miguu ya aisii, na hilo ni tatizo ambalo pesti nyeupe haina.

Kuna aina moja tunayoiombea tahadhari kubwa. Ni ile inayoitwa metali ya maji, yenye rangi ya fedha inayong'aa, na inayotiririka kama zebaki ingawa si zebaki. Imeundwa kwa galiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Hupitisha joto vizuri sana, na hupitisha umeme vizuri vilevile. Tone moja likianguka kwenye ubao hufunga saketi papo hapo. Pia galiamu huishambulia alumini: hupenya ndani yake na kuifanya iwe dhaifu, ivunjike kama biskuti. Hitisinki zetu nyingi ni za alumini. Kwa seti za kujiundia, msiinunue.

Tukumbushe pia kwamba ipo gundi ya joto, ambayo huuzwa katika bomba linalofanana na la pesti. Gundi hiyo hutumika kubandika hitisinki ndogo zisizo na tundu la skrubu, na ikishakauka haibanduki bila kuiumiza aisii. Muulizeni muuzaji: hii inakauka au haikauki? Kama hana hakika, paka kidogo juu ya kipande cha bati, uache hadi kesho. Pesti itabaki laini. Gundi itakuwa ngumu.

Vipi kuhusu vibadala vya nyumbani? Dawa ya meno hufanya kazi kwa siku chache kwa sababu ina maji, kisha maji hukauka na kubaki unga mkavu wenye nyufa zilizojaa hewa. Mafuta ya mgando huyeyuka kwa joto la kawaida la kifaa na kutiririka hadi kwenye ubao. Mafuta ya nazi, kwa hali ya hewa ya pwani yetu, huwa yameyeyuka hata kabla kifaa hakijawashwa. Grisi ya beringi haipitishi joto vya kutosha, na ile nyeusi yenye unga wa grafiti hupitisha umeme. Mtu asiye na pesti kabisa ni heri aifunge aisii ikiwa kavu, skrubu ikiwa imekaza vizuri, kisha akitumie kifaa kwa kiasi hadi apate pesti.

Sasa tunafika katika sehemu ambayo tungependa kila mtu aisikilize, hata kama yaliyotangulia yamempita.

Mgongo wa chuma wa aisii au transista si kipande tupu cha chuma. Mara nyingi umeunganishwa ndani kwa ndani na mguu mmojawapo, na mguu huo unaweza kuwa na umeme. Katika 7805, mgongo ni upande wa chini wa saketi, yaani hasi. Hapo hakuna tatizo kubwa. Katika LM317, ambayo kwa umbo ni pacha wake, mgongo umeunganishwa na umeme unaotoka. Katika transista kama TIP31, mgongo ni kolekta. Katika TDA7294, ambayo wengi huipenda kwa amplifaya kubwa, mgongo umeunganishwa na upande hasi wa pawasaplai. Saketi ikiwa ya volti 35 chanya na 35 hasi, hitisinki iliyofungwa bila kihami itakuwa na volti 35 hasi, na mapezi yake yote pia. Boksi la chuma likiigusa, saketi imefungwa.

Chukueni mfano wa 7805 na LM317 zilizofungwa pamoja juu ya hitisinki moja ili kuokoa nafasi. Mgongo wa kwanza ni hasi, wa pili ni umeme unaotoka. Hitisinki imeviunganisha. Mwenye kuunda ameweka pesti nyeupe katikati, akaamini kwamba kwa kuwa pesti hiyo haipitishi umeme, basi imevitenga. Hapo ndipo kosa lilipo. Ni kweli kwamba mafuta ya silikoni na oksidi ya zinki havipitishi umeme vikiwa peke yake. Lakini tumeshasema kwamba pesti iliyopakwa vizuri huviacha vilele vya chuma vigusane. Kwa maneno mengine, kadiri pesti inavyoifanya vyema kazi yake ya joto, ndivyo inavyozidi kuwa bure kama kihami. Zaidi ya hapo, skrubu yenyewe hupita katika tundu la mgongo na kuingia katika hitisinki, nayo ni chuma.

Tusidhani kwamba volti 12 haziwezi kudhuru. Haziwezi kumrusha mtu, lakini betri ya sola ya asidi inaweza kutoa mamia ya ampea kwa nukta chache pale saketi inapofungwa. Waya hugeuka mwekundu, plastiki huwaka, na nyumba nyingine zina godoro lililo karibu na betri. Fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na kichwa chanya cha betri hugharimu fedha kidogo sana. Seti nyingi za vipuri hazina fyuzi, iongezeni wenyewe.

Ili kutenganisha umeme na kuruhusu joto, hutumika kihami. Kile cha zamani na cha kutegemewa ni kipande chembamba cha ulanga, ambacho mafundi hukiita maika. Hicho hupakwa pesti pande zote mbili, kwa sababu sasa kuna nyuso mbili za kuunganisha. Pamoja nacho huja washa ndogo ya plastiki yenye kola, inayoingia katika tundu la mgongo ili skrubu isiuguse. Vyote viwili vinatakiwa; ulanga bila washa ni sawa na mlango uliofungwa huku dirisha likiwa wazi. Kuna pia vihami laini vya raba ya silikoni, vya kijivu au waridi. Hivyo havihitaji pesti. Vimeundwa vijibane vyenyewe. Kuna tena aisii ambazo mgongo wake umefunikwa plastiki yote kiwandani: LM3886TF ni ya namna hiyo, wakati LM3886T ina mgongo wa chuma ulio wazi. Herufi moja tu imezitofautisha, kwa hiyo someni namba yote, hadi herufi ya mwisho.

Kabla ya kuwasha, chukueni maltimita, iwekeni kwenye kipimo cha ukinzani, mguse mgongo wa aisii kwa ncha moja na hitisinki kwa nyingine. Pakiwa na kihami kizuri, mita haitaonyesha muunganiko. Ikilia au ikionyesha ukinzani mdogo, fungueni mtafute sababu: mara nyingi ni kipande cha ulanga kilichotobolewa na ukingo mkali wa tundu la kutoboa kwa keekee, au washa iliyopasuka. Huo ni ukaguzi wa dakika moja.

Lakini maltimita hiyo hutumia betri ndogo, na haiwezi kuthibitisha kwamba kihami kitastahimili umeme wa nyumbani. Umeme wetu wa volti 230 hupanda katika kilele chake hadi volti 325. Katika pawasaplai za kuswichi, zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa ya chuma, umeme huo hugeuzwa kuwa wa moja kwa moja na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa, na hitisinki iliyo upande huo inaweza kuwa na volti zenye kuua. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa sababu hiyo tunawashauri wanaojifunza wasifungue wala kubadilisha pesti au vihami upande ule. Nunueni pawasaplai iliyokamilika na kufungwa katika boksi lake, kisha mwendelee na upande wa volti ndogo. Likihitajika tengenezo, fundi mwenye ujuzi na vyombo vya kupimia ndiye wa kulifanya. Na iwapo boksi lenu la amplifaya ni la chuma na linaingia umeme wa nyumbani, waya wa ethi lazima ufungwe kwenye boksi kwa skrubu, rangi ikiwa imekwanguliwa mahali pa kugusana, na plagi iwe ya miguu mitatu. Plagi ya miguu miwili kwenye boksi la chuma la kujiundia ni jambo tusiloweza kulikubali.

Tueleze sasa namna ya kupaka. Nyuso zote mbili zisafishwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, mbali na jiko na sigara, na ziachwe zikauke. Kama hitisinki imepakwa rangi nene mahali pa kuweka aisii, rangi hiyo ikwanguliwe. Ukingo wa tundu lililotobolewa ulainishwe hadi usikwaruze kidole. Kisha wekeni pesti kiasi cha punje ya mchele katikati ya mgongo, muisambaze kwa ukingo wa kadi ngumu hadi iwe ukungu mwembamba ambao chuma kinaonekana chini yake. Wekeni aisii, muisukume kidogo huku na huku mpaka muisikie inashika, kisha mfunge skrubu. Ikaze barabara, lakini msiilazimishe: ikizidi, mgongo hupinda na upande wa pili hunyanyuka, na kiini cha aisii kiko upande huo wa pili.

Jambo moja ambalo karatasi nyingi za maelezo hulisahau: fungeni aisii kwenye hitisinki kwanza, ndipo mlehemu miguu kwenye ubao. Mkianza kulehemu, skrubu itaivuta aisii na miguu itabaki na mvutano. Baada ya miezi ya kupata moto na kupoa, lehemu hupasuka. Wala pesti isifike kwenye miguu kabla ya kulehemu, kwa sababu mafuta ya silikoni huizuia lehemu kushika. Pesti iliyochuruzika pembeni ifutwe.

Mkitaka kujua kama mmepaka sawasawa, fungueni ile ya kwanza mnayoiunda na kuitazama. Alama ya pesti inatakiwa ienee mgongo mzima, nyembamba kila mahali. Sehemu iliyobaki kavu inaonyesha kwamba nyuso si bapa au skrubu haikukaza. Baada ya kutazama, futeni yote na kupaka upya. Pesti iliyokwisha kubanwa na kufunguliwa hubaki na mapovu ya hewa. Kifaa kikishawashwa kwa nusu saa, kizimeni, kichomoeni, ndipo mguse hitisinki. Kama vidole haviwezi kuvumilia zaidi ya sekunde chache, joto lake linakaribia au limepita nyuzi 60, na hitisinki kubwa zaidi inahitajika. Msipime kwa kidole kifaa kikiwa kimechomekwa.

Kuhusu afya, pesti nyeupe si sumu kali, lakini si kitu cha kuchezea. Vaeni glavu nyembamba kama mnazo, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na msijiguse macho. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zipatazo 15, kisha mwende kituo cha afya. Bomba la pesti hufanana mno na la dawa ya meno, na watoto wadogo hawasomi lebo. Liwekwe juu, mbali na mswaki. Mtoto akiila, msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya pamoja na bomba lenyewe ili mganga asome kilichomo. Msiichome moto, na msiioshee kwenye mfereji au mtoni: oksidi ya zinki hudhuru viumbe wa majini, na ndiyo maana makasha mengine yana mchoro wa samaki aliyekufa. Vitambaa vilivyotumika vifungwe katika mfuko na kutupwa pamoja na taka ngumu.

Wapo wanaopata vipuri kwa kubomoa vifaa vya zamani, na hatuwakatazi. Ila transista za nguvu za mitambo ya kale ya kurushia redio, na baadhi ya vipuri vya ndani vya oveni za maikrowevu, zina kauri nyeupe yenye oksidi ya berili. Kauri nzima haina madhara; vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Msiisage, msiivunje, msiikwangue ili kutoa pesti iliyokauka. Na kapasita ya oveni hizo imekwisha kuua watu. Oveni ya maikrowevu isifunguliwe kabisa na asiyeijua.

Mnapokwenda dukani, ombeni pesti yenye jina la mtengenezaji, aina na uzito. Bonyezeni kidogo: ikitoka mafuta kwanza na unga kubaki nyuma, imekaa sana au imehifadhiwa juani, wakati mwingine kuichanganya upya huirudisha, lakini hakuna sababu ya kulipia bei ya mpya. Jihadharini pia na aisii na transista bandia. Namba maarufu za transista za amplifaya, kama 2SC5200, hughushiwa sana, na ndani ya nyingine kiini ni kidogo kuliko kile cha halisi. Kiini kidogo hakiwezi kutoa joto linaloahidiwa, hata kikipakwa pesti nzuri namna gani. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote ni dalili ya kutosha ya kuuliza maswali. Daini risiti inayotaja namba kamili ya kipuri, kwa sababu risiti iliyoandikwa "vifaa" tu haitawasaidia mkileta malalamiko. Kipuri kikiungua, msikitupe. Kileteni pamoja na risiti, kasha, na picha ya namna kilivyofungwa, maana swali la kwanza la muuzaji litakuwa ni kama mliifunga vizuri.

Juu ya meza ile tumeweka hitisinki tatu zenye aisii za namna moja. Ya kwanza imefungwa kavu, ya pili imepakwa pesti nene, na ya tatu imepakwa inavyotakiwa, ikiwa na ulanga na washa yake. Zote zinatumia volti 12 kutoka betri moja yenye fyuzi, na kila moja ina kipimajoto. Zimewashwa tangu tulipoanza kuzungumza. Karibuni mzisome wenyewe, kisha tutazifungua mbele yenu mtazame alama za pesti.